Roshani Si Nje

Mada yetu leo ni moshi wa sigara, lakini tutaifikia kwa njia ya bahari. Nitakupeleka kwenye zile meli kubwa za watalii, ambazo mara nyingine huingia Mombasa na watu walio kwenye feri ya Likoni wakanyoosha shingo kuzitazama. Najua utaniuliza, "Sista, mimi na meli za matajiri ni wapi na wapi?" Nivumilie kidogo. Kuna jambo watu wa meli walijifunza kwa gharama kubwa, na jambo hilo liko mlangoni pako na pangu.

Kwanza nikueleze kwa nini nimeichagua hadithi hii. Katika kazi yangu ya kutembelea nyumba, kila nikikuta mtoto mchanga huuliza, "Kuna mtu anayevuta sigara katika nyumba hii?" Mara nyingi hujibiwa, "Yuko, lakini yeye huvutia nje." Nikiuliza huko nje ni wapi, naonyeshwa mlangoni, au dirishani, au kwenye korido ya ploti, au kwenye roshani, yaani kile kibaraza cha ghorofani tunachoanikia nguo. Siku moja nilimkuta mtoto wa miezi 7 ambaye alikuwa ametibiwa kifua mara 3 tangu azaliwe. Baba yake alikuwa mtu mwema, na hakuwahi kuwasha sigara chumbani. Alivutia kwenye roshani. Kitanda cha mtoto kilikuwa chini ya dirisha la roshani hiyo hiyo.

Mama, hapo ndipo tatizo lilipo. Tunaamini roshani ni nje. Watu wa meli nao waliamini hivyo hivyo, mpaka usiku mmoja wa mwaka 2006.

Moto na meli tangu zamani

Mabaharia wa zamani waliuogopa moto kuliko dhoruba. Meli zilikuwa za mbao, zimepakwa lami, zina matanga na kamba kavu, na zile za kivita zilibeba baruti. Katika meli za kivita za Uingereza enzi za matanga, baharia aliyetaka kuvuta tumbaku alipaswa kwenda jikoni, mahali palipokuwa na moto unaolindwa. Ndiyo maana wengi wao walitafuna tumbaku badala ya kuivuta. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mapafu ya mtu. Iliwekwa ili meli isiungue.

Meli za abiria za chuma zilipokuja, woga ukapungua. Mwanzoni mwa karne ya 20 meli kubwa zilikuwa na chumba maalumu ambamo wanaume walikaa, wakacheza karata na kuvuta. Baadaye, sigara ilipoenea kwa wanaume na wanawake, watu wakavuta karibu kila mahali: mezani, vyumbani, kwenye kumbi za muziki.

Kisha, katika miaka ya 1980 na hasa ya 1990, wajenzi wa meli wakaanza kuviwekea vyumba vya abiria roshani. Abiria aliyelipa zaidi alipata kibaraza chake mwenyewe chenye viti na meza, akakaa akitazama bahari. Meli moja ikawa na mamia ya roshani, zimepangwa ubavuni ghorofa juu ya ghorofa, kama tunavyoona kwenye majumba ya kupanga ya Nairobi au Mombasa. Na abiria aliyekatazwa kuvuta ukumbini aliambiwa, "Nenda kwenye roshani yako." Ilionekana ni suluhisho zuri. Kuna upepo, na hakuna anayesumbuliwa.

Usiku wa Machi 23, 2006

Meli iliyoitwa Star Princess ilikuwa ikisafiri katika bahari ya Karibi, kutoka kisiwa cha Grand Cayman kwenda Montego Bay nchini Jamaica. Ilikuwa na abiria 2,690 na wafanyakazi 1,123. Ilikuwa saa 9 za usiku na wengi walikuwa wamelala.

Kwenye roshani moja ya ghorofa ya 10, upande wa kushoto wa meli, moto ukazuka. Wachunguzi wa ajali za meli wa Uingereza waliofuatilia jambo hili walisema kwamba chanzo, kwa uwezekano mkubwa, kilikuwa kishungi cha sigara kilichotupwa. Kishungi hicho hakikuwasha moto papo hapo. Kilikaa kikifukuta kwa muda wa dakika 20 hivi kabla ya ndimi za moto kuonekana. Fikiria jambo hilo, mama. Dakika 20 ni muda wa mvutaji kufunga mlango, kuvua viatu na kupata usingizi.

Moto ulipowaka haukukawia. Ulirukia roshani za jirani, na katika dakika 10 hivi ukawa umepanda ghorofa ya 11 na ya 12. Joto lilipasua vioo vya milango ya roshani. Moshi mzito mweusi ukaingia vyumbani na kwenye korido, na abiria wengine wakashindwa kuona njia. King'ora kikalia, watu wakakusanyika kwenye vituo vyao, na mashua za kuokolea zikatayarishwa. Mabaharia walipigana na moto kwa saa 1 na nusu hivi mpaka ukazimika. Meli iliendelea kwa nguvu zake yenyewe hadi Montego Bay.

Abiria 1 alifariki, na wengine 13 walitibiwa kwa sababu ya kuvuta moshi mwingi. Vyumba 79 viliharibika kabisa, na vingine 218 viliharibiwa na moto, moshi au maji. Angalia vizuri: aliyekufa aliuawa na moshi, na waliougua sana waliugua kwa moshi. Moto unatisha kwa macho, lakini moshi ndio huwahi kumfikia mtu kitandani.

Kwa nini roshani ilisahauliwa

Pengine utauliza: meli ya kisasa, iliyojengwa mwaka 2002, ilikosaje kinga? Haikukosa. Ndani ya vyumba kulikuwa na vinyunyizio vya maji, na vitu vya chumbani vilichaguliwa ili visishike moto kwa urahisi. Vinyunyizio hivyo vilifanya kazi. Moto ulipoingia vyumbani kupitia vioo vilivyopasuka, ulizuiwa humo.

Lakini kwenye roshani hakukuwa na vinyunyizio wala kifaa cha kugundua moto. Kuta nyembamba za kutenganisha roshani moja na nyingine zilikuwa za plastiki. Vigae vya sakafuni vilikuwa vya poliyurethani. Viti na meza navyo vilikuwa vya plastiki. Sheria haikudai vitu vingine, kwa sababu walioandika kanuni za moto walihesabu roshani kuwa ni nje ya meli. Nje kuna upepo, basi nje hakuna hatari. Ndivyo walivyofikiri.

Hapa naomba utazame nyumbani kwako. Hiyo poliyurethani ni ile ile inayotengenezewa sponji ya magodoro yetu. Viti vya plastiki tunavyo. Pazia la nailoni tunalo. Na kwenye roshani zetu kuna nguo zilizoanikwa, gunia la makaa, kibuyu cha mafuta ya taa, pengine na godoro la mtoto aliyekojoa usiku. Sisemi hivi ili nikutie hofu. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Mwezi Desemba 2006 Shirika la Kimataifa la Bahari, ambalo makao yake ni London, lilibadilisha mkataba wa usalama wa maisha baharini. Mkataba huo una mizizi yake katika kuzama kwa Titanic mwaka 1912. Mabadiliko yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2008. Samani za roshani sharti ziwe zisizoshika moto kwa urahisi. La sivyo, roshani iwekwe vifaa vya kugundua moto na vya kunyunyiza maji. Hata meli zilizokwisha kujengwa zilitakiwa kurekebishwa. Kwa maneno mengine, sheria ilikubali kwamba roshani ni sehemu ya nyumba.

Sheria ya karatasi na sheria inayofuatwa

Kubadilisha viti na vigae ni kazi ya fundi. Kubadilisha tabia ya mtu ni kazi nyingine. Hapa historia ya meli ina mafunzo mengi kwetu akina mama.

Kampuni ya Carnival ilikuwa imejaribu mapema. Mwaka 1998 ilizindua meli iitwayo Paradise, ambayo sigara ilikatazwa kila pembe. Aliyepatikana akivuta, au hata akiwa na sigara tu, alitozwa dola 250 na kushushwa bandari iliyofuata, akajitafutia nauli ya kurudi kwao. Sheria ilikuwa kali na ilifuatwa. Lakini mwaka 2004 mpango huo uliachwa, kwa sababu za biashara. Sheria inaweza kuwa nzuri, ikasimamiwa vizuri, na bado ikaangushwa na pesa.

Baada ya moto wa 2006 ungetarajia kila kampuni ikataze sigara kwenye roshani mwezi uliofuata. Haikuwa hivyo. Kampuni ya Princess, yenye meli ile iliyoungua, ilikataza kuvuta vyumbani na kwenye roshani Januari 2012. Royal Caribbean ilikataza kwenye roshani Januari 2014. Carnival ilifuata Oktoba 2014, na Norwegian Novemba 2014. Kutoka moto ule mpaka hapo ni miaka 8 na zaidi.

Kilichowachelewesha ni maneno ambayo wewe na mimi tunayajua. Abiria walisema, "Roshani nimeilipia." Walisema, "Hapa ni pangu, simsumbui mtu." Walisema, "Upepo unapeleka moshi baharini." Lakini jirani wa roshani ya pili alikuwa anafunga mlango wake kwa sababu ya moshi. Na kishungi kilichorushwa baharini hakikufika baharini kila mara. Meli inapokwenda, upepo hupinda ubavuni na kuweza kukirudisha kishungi kwenye roshani ya chini, penye taulo limelala kitini.

Siku hizi kampuni hizo zinasimamiaje sheria yao? Nimeona njia 4, na zote zinatufaa.

Kwanza, abiria huambiwa kabla ya kupanda meli. Hakuna anayeweza kusema hakujua.

Pili, mvutaji hupewa mahali. Huwa kuna sehemu ya wazi ya sitaha, mbali na vyumba, yenye vyombo vya kuzimia sigara. Mtu anayekatazwa bila kuonyeshwa mahali pengine hujificha, na moto wa kificho ni mbaya kuliko wa hadharani.

Tatu, kuna macho ya kila siku. Anayegundua wa kwanza mara nyingi si afisa wa usalama, ni mhudumu anayesafisha chumba. Yeye hunusa pazia, huona majivu sakafuni, hukuta kishungi kwenye kikombe. Jirani naye hupiga simu mapokezi, na afisa huja kubisha hodi. Wako vijana wetu wa Kenya waliopata kazi katika meli za namna hii. Wanaoingia vyumba hivyo kila asubuhi ni watoto wa watu, nao wana mapafu.

Nne, adhabu inajulikana na haibadiliki. Kampuni kadhaa hutoza dola 250, nyingine hufikisha 500, na pesa hizo huandikwa kwenye bili ya abiria. Anayerudia anaweza kushushwa bandarini. Tajiri na asiye tajiri huambiwa neno moja.

Ndege nazo zina somo dogo ambalo nalipenda. Mwaka 1973 ndege ya abiria ya Brazil iliyokuwa ikikaribia uwanja wa Orly, karibu na Paris, ilishika moto chooni, na watu 123 wakafa, wengi wao kwa moshi. Ilidhaniwa chanzo ni sigara iliyotupwa kwenye pipa la karatasi. Leo sigara imekatazwa ndegeni, lakini ukiingia choo cha ndege bado utaona kisahani cha kuzimia sigara. Kiko hapo kwa sababu wenye sheria wanajua kwamba binadamu anaweza kuivunja, na akiivunja afadhali azimie sigara penye chuma kuliko kwenye karatasi.

Moshi usio na moto

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kuungua. Lakini mtoto yule wa miezi 7 hakuungua. Aliumwa kifua. Nalo hilo lina historia yake.

Mwaka 1981 mtaalamu wa Japani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake 91,540 ambao hawakuvuta sigara, kwa miaka 14. Aliona kwamba wanawake walioolewa na wavutaji wa sigara nyingi walikufa kwa saratani ya mapafu karibu mara 2 zaidi ya wale ambao waume zao hawakuvuta. Wanawake hao hawakuwahi kuweka sigara mdomoni. Kosa lao lilikuwa kukaa nyumba moja na moshi. Wenye biashara ya tumbaku walimpinga vikali, lakini uchunguzi mwingine uliofuata ulimuunga mkono.

Mwaka 1986 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema kwamba moshi wa sigara ya mwingine husababisha magonjwa kwa asiyevuta. Ripoti ya mwaka 2006, mwaka ule ule wa moto wa Star Princess, iliongeza kwamba hakuna kiasi cha moshi huo kisicho na madhara, na kwamba kufungua dirisha au kuwasha feni hakutoshi kumlinda mtu.

Kwa watoto ripoti hiyo ilitaja magonjwa ya kifua, maambukizi ya masikio, pumu inayozidi, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Hawezi kusema, "Baba, moshi unanikera." Hawezi kuinuka na kutoka. Na moshi hushika nguo, nywele, pazia na shuka. Baba aliyevutia roshani akaingia na kumbeba mtoto kifuani, ameingia na sehemu ya moshi huo.

Kenya nayo, Julai 2008

Sasa turudi nyumbani. Mwezi ule ule ambao sheria ya roshani za meli ilianza kutumika, Kenya nayo ilianza kutumia Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007. Meli ilikuwa tarehe 1 Julai 2008, sisi tarehe 8 Julai 2008. Kuvuta sigara mahali pa umma kukawa kosa, lenye faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kumuuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18 kukakatazwa, na kuuza sigara moja moja pia.

Walio watu wazima wakati huo wanakumbuka. Kabla ya hapo mtu aliweza kuwasha sigara ndani ya matatu na mama mwenye mtoto mgongoni akageuza uso tu. Leo akijaribu, abiria wenyewe watamshusha. Mijini yametengwa maeneo ya kuvutia. Hatujafika mwisho, maana kibanda cha mtaani bado huuza sigara moja moja, na wewe unajua. Hata hivyo tumeona kwamba tabia ya watu wengi inaweza kubadilika katika miaka michache, ikiwa sheria ina wa kuisimamia.

Ila polisi hawezi kuja kukaa kwenye roshani yako. Hapo ni wewe.

Nahodha wa nyumba

Nakuomba uchukue zile njia 4 za meli uzilete nyumbani.

Waambie watu mapema. Usingoje sigara iwashwe ndipo mgombane. Chagua wakati wa utulivu, baada ya chakula. Sema, "Baba watoto, sikukatazi kuvuta, wewe ni mtu mzima. Naomba jambo moja kwa ajili ya huyu mdogo: usivutie mlangoni, wala dirishani, wala kwenye roshani." Kama ni mgumu kusikia kutoka kwako, mtumie mtu anayemheshimu. Shangazi, mama mkwe, au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Mimi mwenyewe nimewahi kutumwa hivyo mara nyingi, na sikuona haya.

Mpe mahali. Mtafute pamoja sehemu iliyo mbali na milango na madirisha, ya kwenu na ya jirani. Weka hapo mkebe wenye mchanga. Kishungi kizimwe mchangani mpaka kife kabisa. Kisirushwe chini ya ghorofa wala kisitupwe kwenye pipa la takataka. Kumbuka zile dakika 20.

Weka desturi ya kurudi ndani. Mvutaji anaporudi, anawe mikono na uso, avue shati au koti la kuvutia, ndipo ambebe mtoto. Na asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Usiwe na ubaguzi. Sheria ikimshika baba, imshike pia mjomba aliyetoka mashambani, fundi wa bomba, na mgeni wa heshima. Ukimwachia mmoja, umewaachia wote. Na kama mvutaji ni wewe, mama, sikuhukumu. Sheria ni ile ile, na kliniki tutakupokea ukitaka msaada wa kuacha.

Mkiwa wapangaji, ongeeni na mwenye ploti. Karatasi moja iliyobandikwa ngazini, na mlinzi aliyeambiwa cha kufanya, huweza kumaliza ugomvi wa majirani wa miezi mingi. Ondoeni pia kwenye roshani vile vitu vinavyoshika moto upesi, mafuta ya taa kwanza.

Turudi kwa yule mtoto niliyeanza naye. Baba yake alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo juu ya Wazungu na viti vyao vya plastiki, kisha akanyamaza. Alisema, "Sista, mimi nilidhani pale ni nje." Siku hiyo hiyo tulihamisha kitanda. Kuhusu sigara, alikubali kushuka mpaka kwenye mwembe ulio nyuma ya ploti. Mkewe aliniambia baadaye kwamba ngazi ni nyingi, na kwa uvivu wa kuzipanda na kuzishuka, sigara zenyewe zimepungua. Sikuahidi kwamba kikohozi hakitarudi, maana kifua cha mtoto kina maadui wengi, na jiko la makaa ni mmoja wao. Lakini adui mmoja alikuwa amepelekwa mbali.

Mambo ya kukumbuka

Roshani, mlango, dirisha na korido si nje. Moshi wake unaingia ndani.

Kishungi kinaweza kufukuta muda mrefu kabla ya kuwaka. Kizimwe kwenye mchanga.

Kufungua dirisha hakuondoi hatari ya moshi wa sigara kwa mtoto.

Mtoto akipumua haraka kuliko kawaida, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, mtu akisema "huvutia nje," huwa ni wapi hasa?

2. Nani katika familia anaweza kuzungumza na mvutaji bila kuleta ugomvi?

3. Ploti yetu inaweza kuweka sheria gani moja juu ya sigara, na ni nani atakayeisimamia?

Mfunike mtoto vizuri, na kabla ya kulala chungulia kwenye roshani. Tuonane katika mazungumzo yajayo.